Nani Aliinyamazisha Barabara ya Kaskazini?

Watu wanaozunguka dunia kwa baiskeli hutafuta kitu kimoja kuliko hata mandhari: barabara isiyo na magari. Wakifika Kenya na kuulizia, mara nyingi wataelekezwa kaskazini. Panda mpaka Maralal, wataambiwa. Kutoka hapo shuka kupitia Marti na Baragoi, ingia bonde la South Horr Mlima Nyiru ukiwa kushoto kwako, kisha teremka mpaka Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Ukibaki na maji na miguu, zunguka Mlima Kulal uelekee North Horr, halafu Kalacha na Maikona ukiambaa na jangwa la Chalbi, umalizie kwa kuukwea mlima wa Marsabit. Unaanza kwenye baridi ya karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unashuka hadi ziwa lisilofika mita 400, kisha unapanda tena kwenye msitu wenye ukungu uliosimama katikati ya jangwa. Na magari utakayopishana nayo kwa siku nzima huenda yasifike kumi.

Yote hayo ni kweli, na anayependa baiskeli atazimezea mate njia hizo. Kinachonikera ni neno wanalolitumia kuzieleza. Tulivu. Utasikia njia tulivu, nchi tulivu, kimya cha ajabu, kana kwamba kimya cha kaskazini ni kama mawe yake, kitu kilichokuwepo tu tangu dunia iumbwe. Sivyo. Kimya kile kina tarehe. Kilitiwa sahihi, kikachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kikalindwa na askari, na baadaye kikaingizwa kwenye bajeti. Ukiijua historia hiyo hutaacha kuendesha, lakini kuna vitu utaanza kuviona njiani.

Tuanze kabla ya kimya. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki, tajiri kutoka Hungary, na mwenzake Ludwig von Höhnel waliondoka Pangani wakiwa na msafara wa mamia ya watu. Vitabu huwaita wavumbuzi wa ziwa, ambalo walilifikia tarehe 6 Machi 1888 na kulipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo tulikaa nalo mpaka 1975. Lakini angalia nani walikuwa wakitembea. Wengi wa wapagazi walikuwa watu wa pwani, na aliyewasaidia kupita bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, mtu aliyekuwa amezoea safari za bara kabla Teleki hajaota kuja. Kwa hiyo miongoni mwa walioshuka ule mteremko wa mawe meusi kuelekea ziwani, mteremko ambao leo unafanya mikono ife ganzi kwa kushika breki, walikuwemo Waswahili waliobeba mizigo vichwani. Na ziwani hawakukuta ukiwa. Walikuta Waelmolo wanavua samaki. Pande zote za ziwa kulikuwa na Waturuki— samahani, hata simu yangu haijui kuandika Waturkana— pamoja na Wasamburu na ng'ombe wao, Warendille na Wagabra na ngamia wao. Wafugaji hao walikuwa na njia zao, kutoka kisima hadi kisima, kutoka Chalbi hadi nyanda za juu za Ethiopia, na njia hizo zilikuwa na watu na mifugo na biashara. Kimya hakikuwepo.

Kililetwa na karatasi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoiruhusu kuzifunga wilaya za pembezoni, yaani kuzuia mtu asiye mwenyeji asiingie bila kibali. Waingereza hawakuwa na haja kubwa na nchi yenyewe. Hawakuona mashamba wala madini. Walichotaka ni ukanda mpana wa kuwatenganisha na Ethiopia ya Mfalme Menelik upande mmoja na Waitaliano wa Somalia upande mwingine, huku mashamba ya walowezi yakikaa salama kusini. Mwaka 1926 eneo lote la NFD, Northern Frontier District, lilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, ambayo ilimpa ofisa wa wilaya nguvu za kukamata watu, kuwazuia, na kutwaa mali ya kabila zima likiitwa adui. Mfugaji aliwekewa mipaka ya malisho, kabila hili lisivuke pale, lile lisinywe maji hapa. Msafiri kutoka kusini alihitaji pasi.

Hebu fikiria hapo kidogo. Njia ambayo leo mgeni anaipita kwa baiskeli bila kuulizwa kitu, Mkenya wa Murang'a au Kisumu wa mwaka 1935 hangeweza kuipita kwa hiari yake. Na Mgabra aliyetaka kwenda Nairobi alikuwa kwenye shida hiyohiyo akitokea upande wa pili. Kizuizi cha Isiolo kilikuwa mpaka wa nchi ndani ya nchi. Ndiyo maana mpaka leo ukiketi dukani Merille au Laisamis ukinywa chai, mzee anaweza kukuuliza, bila kejeli yoyote, "Kijana, umetoka Kenya lini?"

Vita vya pili vya dunia nitavipita haraka, ingawa vilipita huko kwa kishindo. Waitaliano waliitwaa Moyale mwaka 1940, majeshi ya Afrika Kusini yakakaa Marsabit, na mwanzoni mwa 1941 wakasonga kaskazini mpaka Mega, ndani ya Ethiopia. Malori ya jeshi yalivuka nchi ambayo miaka ya nyuma haikuwa ikiona gari. Baada ya hapo wanajeshi wakaondoka na kufuli likarudishwa.

Kisha serikali ikagundua matumizi mengine ya kimya. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Turkana. Lokitaung haikuhitaji ukuta mrefu. Umbali ulikuwa ukuta, joto lilikuwa ukuta, na sheria iliyomzuia mtu wa kusini asifike huko ilikuwa ukuta wa tatu. Mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 akaletwa Maralal. Hapo ndipo mwezi wa Aprili waandishi wa habari waliruhusiwa kumwona baada ya miaka mingi ya kutoonekana, na mwezi wa Agosti akaachiliwa. Nyumba aliyokaa ipo mpaka leo, imehifadhiwa. Waendesha baiskeli hulala Maralal usiku mmoja au mawili wakitengeneza magurudumu na kununua unga na majani chai, na sijui wangapi huenda kuiangalia. Ningekuwa mimi napanga safari, ningeanzia mlangoni pale, kwa sababu kinachofuata kinashangaza zaidi mtu akiwa amesimama hapo.

Mtu aliyefichwa kaskazini kwa miaka minane ndiye aliyekuja kuifunga kaskazini tena.

Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, tume ilitumwa NFD kuuliza wakazi wanataka nini. Wengi wa upande wa mashariki walisema wanataka kujiunga na Somalia. Jibu hilo liliwekwa kando. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku 16 baadaye, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari upande wa kaskazini mashariki. Katika daftari langu la historia la sekondari vita vilivyofuata vilikuwa aya moja, na neno lililobeba kila kitu ni "shifta", yaani jambazi. Ukishamwita mtu jambazi si lazima ueleze alitaka nini.

Vita vilifika mpaka Isiolo na Marsabit. Wapiganaji walitega mabomu barabarani. Jeshi na polisi wakajibu kwa kuwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulazimishwa, mifugo ikafa kwa risasi na kwa njaa. Mfugaji asiyeruhusiwa kuhama na mifugo yake ni kama mvuvi aliyekatazwa kuingia majini, hakuna haja ya kumpiga, ngoja tu. Waborana wa Waso, kandokando ya mto Ewaso Ng'iro, huita kipindi kile Daaba, wakati ambapo kila kitu kilisimama. Mkataba ulifikiwa Arusha mwaka 1967 na risasi zikapungua. Lakini sheria hazikuondoka. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kule kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Zile kanuni za hali ya hatari zenyewe zilifutwa mwaka 1991. Yaani mtu aliyezaliwa Marsabit mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 ndipo akaanza kuishi chini ya sheria za kawaida kama mtu wa Nyeri.

Kifungo cha tatu hakikuwa na bunduki, kwa hiyo hakizungumzwi sana. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu, Sessional Paper namba 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kuna hoja inayosomeka vizuri kabisa ukiwa umeketi Nairobi: pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa sababu huko zitazaa haraka, kisha faida itawafikia wengine. Kwa lugha ya nyumbani, aliye na barabara aongezewe barabara. Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru lami iliishia Isiolo. Ukivuka kizuizi, lami ilikatika, na mbele yako kulikuwa na karibu kilomita 500 za vumbi na mawe mpaka Moyale.

Watu walisafiri, usidhani hawakusafiri. Walipanda malori ya ng'ombe. Ng'ombe chini, abiria juu wameketi kwenye vyuma, siku mbili au tatu, ukisinzia unaanguka. Malori yalingojana ili yaende kwa msafara yakiwa na askari, kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Barabara yenyewe ilikuwa na mawimbi kama mabati ya nyumba, na kwenye jangwa la Dida Galgalu, kaskazini mwa Marsabit, ilipita juu ya mawe ya volkano. Ilipoanza Tour d'Afrique mwaka 2003, ile safari ya kila mwaka ya baiskeli kutoka Cairo mpaka Cape Town, kipande cha Moyale hadi Marsabit kilijijengea jina baya miongoni mwa waendeshaji. Walikuwa wakikisimulia kama mashujaa waliorudi kutoka vitani. Sawa, walistahili, ile barabara iling'oa skrubu na kuvunja roho. Ila mama aliyepita hapohapo juu ya lori akiwa na mtoto mgonjwa hakupewa fulana mwisho wa safari.

Tarehe 12 Julai 2005 watu waliokadiriwa kuwa 60 waliuawa Turbi, kando ya barabara hiyo, wakiwemo watoto wengi. Tarehe 10 Aprili mwaka uliofuata ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda mkutano wa amani Marsabit ilianguka mlimani. Walikufa watu 14, wakiwemo wabunge Bonaya Godana, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki. Kwa msiba mmoja, kaskazini ilipoteza karibu safu nzima ya wanasiasa wake.

Naeleza haya kwa sababu kuna kitu mwendesha baiskeli wa mjini hakijui na kinaweza kumponza. Sisi tukikuta barabara haina mtu, tunafurahi. Siku hizi Jumapili asubuhi Nairobi imejaa wasee wa baiskeli wanaoamka saa kumi na moja ili tu wapate saa mbili za barabara bila matatu. Tumezoea kwamba kimya ni raha. Kule si lazima iwe hivyo. Asubuhi njiani kutoka Marti kwenda Baragoi unatarajia kuona watoto wakitoa mbuzi, mama wakielekea kisimani, morani wawili watatu na ngamia. Usipowaona, uliza kwa nini hawapo kabla hujafurahia mandhari. Huenda mvua imenyesha upande mwingine na watu wamehama. Huenda pia kuna mifugo iliyoibwa na watu wanafuatana. Bonde la Suguta liko hapo karibu, na Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa humo walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Hao walikuwa na bunduki. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila kituo, kabla ya maji na kabla ya chapati, ni hali ya barabara mbele, na la kumuuliza si simu. Muulize mwenye duka, muulize dereva wa lori aliyetoka huko jana, msalimie mzee kwanza ndipo umuulize. Akisema ngoja, ngoja. Hata siku mbili.

Lami ilianza kusogea kutoka Isiolo mwaka 2007, kipande kwa kipande, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale. Niseme wazi kwamba naona hilo ni jambo zuri kuliko yote yaliyotendewa kaskazini tangu uhuru. Kuna waendesha baiskeli wanaoomboleza, eti barabara ya kishujaa imeuawa. Siwaelewi. Basi sasa linaondoka Moyale jioni na kufika Nairobi asubuhi, na aliyewahi kukaa juu ya ng'ombe siku tatu hana cha kuomboleza. Ukitaka mawe bado yapo, toka tu kwenye lami.

Na hapo ndipo kimya kilipohamia. Magari yote yamekimbilia lami, na njia za magharibi, za kupitia South Horr na Loiyangalani, zimebaki na pikipiki na malori machache ya bidhaa. Isipokuwa moja yenye kisa chake. Kutoka Laisamis kwenda Sarima, karibu na ziwa, kuna barabara ya changarawe ya kilomita 208 ambayo kwa baiskeli ni tamu kweli, pana, imeshindiliwa, inapita kwenye nchi kavu yenye milima mbali pande zote. Haikujengwa kwa ajili ya Warendille na Wasamburu walioiomba miaka yote hiyo. Ilitengenezwa ili malori yaliyotoka bandari ya Mombasa yaweze kufikisha mitambo 365 ya upepo. Mradi wa Lake Turkana Wind Power una uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa imesimikwa kufikia 2017 lakini ikakaa ikingoja nyaya za kusafirisha umeme, kilomita 428 kwenda Suswa, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Nyaya zinaelekea kusini. Ukipita kijijini usiku chini ya mitambo hiyo, hesabu taa.

Ardhi iliyotolewa kwa mradi ilikuwa ekari 150,000. Wakazi walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki hazikupatikana kwa kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe. Mvutano uliendelea baada ya hapo. Msingi wa kesi ni jambo tunalolifahamu tangu 1902: nani anahesabiwa kuwa yupo mahali. Ekari hizo zilionekana wazi kwa sababu siku aliyepima alipita, mifugo ilikuwa upande mwingine wa malisho. Mchungaji akihama hajaondoka. Ni sawa na mtu wa Rongai aliyekwenda kazini mjini, halafu jioni akute nyumba yake imesajiliwa kwa jina la mwingine kwa kuwa mchana haikuwa na mtu.

Kwa anayetaka kwenda, na natumaini wengi wetu tutakwenda, maana barabara hizi kwa miaka mingi zimeendeshwa na wageni kuliko Wakenya: tairi nene, na za kutosha kwa miba ya migunga, ambayo haitofautishi baiskeli ya laki tatu na black mamba. Maji ya siku nzima na ya nusu siku nyingine juu yake. Kati ya North Horr na Maikona usithubutu kukata katikati ya Chalbi mvua ikiwa imenyesha. Ule uwanja wa chumvi unaonekana mkavu juu na chini ni tope. Pesa taslimu. Ukipata maziwa ya ngamia kunywa, na usipige picha ya mtu kabla hujakaa naye.

Na upepo, ule ule uliowaleta wenye mitambo, hutoka kusini mashariki na huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi. Ukianzia Maralal kwenda ziwani utakusukuma mgongoni kuanzia South Horr. Ukitokea Loiyangalani kurudi juu, utakuwa nao usoni siku nzima kwenye mawe, ukipanda.